Sifuri ya Babu

Kila alipotoka shule, Chiriku alitupa mkoba kitandani, akanawa mikono, kisha akakimbilia chumba cha Shangazi. Waliomwita Chiriku hawakumwonea. Mdomo wake haukujua likizo. Hata akipiga mswaki alikuwa anasimulia.

Mezani kwa Shangazi ilikaa kompyuta ya marehemu Babu, nzito kama jiwe la kusagia. Enzi zake, Babu aliitumia kutunga nyimbo, na Bibi alizifuatisha kwa mluzi huku akikunja nguo. Mashine ilipokata roho, nyimbo zilibaki kwenye diski, hazina wa kuzipiga.

Shangazi, mtunzi wa programu, alikuwa akiifundisha kompyuta mpya kuiga ile ya zamani. Programu yake ilitafsiri kila amri ya mashine ya Babu iwe amri ya mashine mpya. Chiriku alipima tafsiri hizo: alilinganisha jibu jipya na jibu la mashine ya Babu, lililoandikwa kwenye orodha ilipokuwa hai. Yakilingana, kompyuta iliwaka kijani. Yakipishana, nyekundu.

Siku moja vipimo vyote vilikuwa kijani, isipokuwa kimoja. Jumlisha 255 na 1: mashine mpya ilisema 256, ya Babu ilisema 0.

"Babu naye! Hata mtoto wa chekechea hakosi hii," Chiriku alicheka.

Nje wenzake walikuwa wanamwita akaruke kamba. Akafuta sifuri, akaandika 256. Kijani! Akatoka mbio.

Jioni Bibi aliketi chumbani kwa Shangazi, Chiriku kando yake, amevaa miwani kana kwamba nyimbo husomwa. Shangazi akaupiga wimbo wa Babu kwenye kompyuta mpya. Akaupigia mluzi, uso ukachanua. Ghafla, pale mluzi uliposhuka, kompyuta ilipanda, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Bibi akaacha mluzi. Akavua miwani.

"Kumbe nimesahau," alisema polepole. "Miaka yote hii nilidhani mzee wangu aliushusha hapa. Uzee huu!"

Chiriku akamshika Bibi mkono. Kisha akasema, "Hujasahau, Bibi. Ni mimi. Shangazi, nilibadilisha jibu ili kipimo kiwe kijani."

Shangazi hakufoka. "Mashine ya Babu ilihesabu kama saa ya ukutani," alisema. "Ikifika mwisho, inaanza upya. Baada ya 255, sifuri, na sauti inarudi chini. Tafsiri yangu ndiyo iliyokosea, nawe ukanifichia kosa langu. Haya, rudisha sifuri ya watu!"

Chiriku akairudisha. Nyekundu ikawaka. Shangazi akairekebisha tafsiri: jibu likipita 255, lianze upya. Kijani kikaja, safari hii cha haki.

Wimbo ukapigwa tena. Mluzi ukashuka, kompyuta ikashuka nao.

"Huyo ndiye mzee wangu," Bibi alisema, amefumba macho.

Shangazi akamshika Chiriku bega. "Mwanangu, kioo kikikuonyesha masizi usoni, nawa uso. Ukivunja kioo, masizi yatabaki palepale."

"Ndiyo, Shangazi."

"Mwache," Bibi alicheka. "Leo Chiriku amekosa la kusema! Babu yake angekuwapo, angelitungia wimbo jambo hilo."