Siri ya Fundi wa Lifti

Jumatatu asubuhi jengo la mahakama lilikuwa limefurika watu, na lifti ikakwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Ndani walikuwamo wawili tu: binti wa miaka tisa aliyekuja kutoa ushahidi, na mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akisomea utetezi wa watoto walioumizwa. Binti akaanza kupiga mayowe.

"Mdogo wangu," sauti ya kiume ikaita kutoka juu, "mimi ni fundi. Sasa utasikia chuma kikigonga mara tatu. Ni mimi, usiogope."

Kikagonga mara tatu.

"Sasa taa itazimika. Hesabu mpaka tano, itawaka."

Ikawaka kwenye nne. "Umekosea!" binti akacheka huku machozi yakimtiririka.

Mlango ulipofunguka, mwanafunzi alimwona kijana mrefu, ovaroli ya bluu imepauka magotini, grisi mpaka kwenye nyusi. Mambo aliyofundishwa darasani miaka miwili, huyu aliyafanya bila hata kufikiri.

"Umesomea wapi kuzungumza na watoto?"

"Mimi? Nimesomea nyaya. Nipe namba yako nikueleze vizuri, Wakili."

"Mimi si wakili."

"Basi nipe tubishane."

Walibishana miezi mitano, simu haipoi.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula vitabu."

"Hivyo havishibishi. Nakuja."

Alasiri moja mvua ikinyesha, Fundi akiwa amelaza kichwa kwenye mapaja ya mpenzi wake, alimweleza. Alipokuwa na miaka saba, baba yake wa kambo alikuwa akimfungia stoo kutwa nzima, kisha anaingia na mkanda.

"Giza nililizoea," alisema. "Kilichoniua ni kutojua sauti inayofuata ni ya nini."

Mwanafunzi alilia, akambusu kwenye paji la uso. Wiki mbili baadaye, kazi ya muhula ikidaiwa na kichwa kikiwa kitupu, aliyaandika yote. Alijiambia kwamba pasipo jina hapana kosa.

Jumapili moja Fundi alikuja kumchukua ili akamtambulishe kwa dada yake mkubwa, mlezi wake tangu mama yao afariki. Shati jeupe limenyooshwa likanyooka. Mwanafunzi alikuwa nyuma ya pazia, akivaa gauni la kijani.

"Fanya haraka, wifi yako hapendi kusubiri!"

Mwanafunzi alipotoka, alimkuta kando ya meza, karatasi ya kazi ya muhula mkononi. *Mteja A, mwanamume, miaka thelathini na mmoja, fundi. Hukaa akitazama mlango.* Pembeni mhadhiri alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Bora kabisa.

"Mpenzi, sikuandika jina—"

"Nilidhani nimelala mapajani pako," alisema taratibu. "Kumbe nilikuwa ofisini kwako."

Akaondoka. Simu ikaita siku tisa bila kupokewa. Siku ya kumi akapokea dada mtu.

"Wifi, umemfanya nini mdogo wangu? Jana amenieleza mambo ya stoo. Tumezaliwa tumbo moja, sikuyajua. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuambiwa."

Mwanafunzi alikaa chini sakafuni. Kesho yake alikwenda kwa mhadhiri kuomba kazi yake ifutwe.

"Utarudia somo zima," mhadhiri alimwonya. "Wenzako watahitimu bila wewe. Nani atajua ni yeye?"

"Yeye anajua."

Habari zilimfikia Fundi. Walikutana kwenye mgahawa karibu na karakana yake, saa ya chakula cha mchana, wafanyakazi wakigombea viti. Alikuwa amekonda.

"Umejiadhibu bure," alisema.

"Si bure. Nisamehe."

"Nilishakusamehe." Akaushika mkono wake, akaufunika kwa viganja vyote viwili. "Nakupenda, na sitakuficha hilo. Lakini kila nitakaponyamaza mbele yako, nitajiuliza unaandika nini kichwani. Nyumba haijengwi hivyo."

"Hata tukingoja?"

"Usiningoje. Soma, umalize. Wapo watoto wanaokuhitaji. Ila mtoto akikupa siri yake, mama, kaa nayo."

Alinyanyuka, akavaa kofia yake ya kazi, akapotea kati ya watu waliokuwa wakitoka. Mwanafunzi alibaki ameuweka mkono mezani, bado una joto. Mhudumu akaja kuuliza kama kile kiti kina mtu.

"Hakina," akasema. "Kichukue."