Kigae cha Juu ya Mlango

Musyimi alikuwa na mazoea yake: akimaliza kazi juu ya paa, hugonga kigae cha mwisho mara mbili kwa nyundo, ko ko, kuliaga. Siku hiyo, mchana kweupe pale Tawa, aligonga mara mbili na paa likamjibu mara moja. Ko. Kutoka ndani.

Alicheka. Alidhani ni mwenye nyumba, bibi Nthenya, anamtania kwa mpini wa ufagio. Akachungulia chini, akamwona kikongwe yuko uani, anapepeta pojo.

Nyumba ilikuwa ya zamani, imeezekwa vigae vya mbao ya mtarakwa, na Musyimi aliitwa abadilishe vilivyooza. Asubuhi hiyo, juu ya mlango, alikuwa amekuta kigae kizima kimepigiliwa kichwa chini, upande mnene juu, mwembamba chini. Fundi gani huyo, mlevi? Kwa fundi anayejiheshimu, kigae cha namna hiyo ni matusi. Alikichomoa, akakigeuza, akakipigilia sawasawa. Hakumuuliza mtu.

Jioni binti yake Kasiva, wa miaka minne, alishikwa na homa. Kulipokucha hakumeza hata maji. Alinuka mbao iliyoungua, na kidole chake kikawa kinagonga ukuta mara moja, kinatulia, kinagonga tena. Zahanati ilipima malaria, haikuona kitu. Mama yake, Ndunge, aliomba mpaka sauti ikakauka.

Musyimi alirudi kwa Nthenya mbio.

"Mwaitu, mama yangu, kile kigae cha mlangoni..."

Ungo ulimponyoka bibi. "Umekigusa?"

"Kilikuwa kimepinduka. Nikakirekebisha."

"Ngai, Mungu wangu!" Akashusha sauti, macho kwenye paa. "Mwanangu, ni makosa yangu, sikukuambia. Marehemu mzee wangu alileta jini kutoka pwani akitafuta mali. Likamla mtoto wetu wa kwanza. Mganga wa Kanyangi ndiye aliyelifungia humo juu, na kigae hicho ndicho kufuli."

"Nikikipindua tena?"

"Gonga kwanza mara mbili. Likijibu, liko ndani, pindua upigilie. Lisipojibu, limetoka kutembea. Usiguse! Ngoja lirudi, hata ukikesha huko juu."

Alipanda. Aligonga mara mbili. Kimya. Alingoja, akagonga tena, na jua la saa saba likamchoma kisogo huku harufu ya mbao iliyoungua ikija na kupotea, ikija na kupotea, naye asijue kama ni paa linalonuka au ni nguo zake mwenyewe alizombebea mtoto asubuhi. Simu ikalia.

"Baba Kasiva, kuja!" Ndunge alinong'ona. "Macho yamegeuka. Hapumui vizuri. Kuja sasa hivi!"

Ni mzazi gani angengoja? Musyimi alikipindua kigae, akakipigilia misumari minne, akateremka.

"Lilijibu?" Nthenya aliuliza.

"Lilijibu," akadanganya.

Hajafika njia panda, simu ikalia tena. "Ameamka! Ameomba uji!" Musyimi alikaa chini kwenye vumbi akalia kwa furaha bila kuona haya.

Aliwakuta nje ya nyumba yao. Ndunge alikuwa amempeleka mtoto kwa mchungaji jirani kushukuru, na ndiyo kwanza wanarudi. Kasiva yuko mgongoni, homa imeshuka kabisa, anacheka. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Ndunge alipokuwa akitafuta ufunguo kwenye leso, Musyimi, kwa furaha tu na kwa mazoea yake, aligonga mlango mara mbili.

Ko.

Ndunge alirudi nyuma hatua moja. Chini ya mlango ilianza kutoka harufu ya mbao iliyoungua, na juu, kwenye mabati yao, kitu kikajigeuza polepole kama mtu anayetafuta mahali pazuri pa kulala.

Kasiva aliegemeza shavu kwenye bega la mama yake.

"Baba, usiogope," alisema. "Anasema umemfungia nje ya kwake, sasa atakaa na sisi."