Nyanya Watiri Ajifunza Kikrii

Kila asubuhi Watiri wa Gatitu aliwasha moto, akakamua ng'ombe wake, akachemsha maziwa. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha mjukuu wake. Na kila asubuhi kikombe hicho kilipoa kikiwa kimejaa.

Mjukuu alikuwa msichana wa miaka minne. Naye pia aliitwa Watiri, kwa sababu kwa Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Alizaliwa Kanada. Baba yake, Mutahi, alikwenda huko kusomea kilimo, akamwoa Rosali, mwanamke wa Wakrii, ambao ni wenyeji wa asili wa nchi ile. Mutahi na Rosali walipokuwa chuoni, mtoto alilelewa na mama mzazi wa Rosali katika kijiji cha Wakrii. Kwa hiyo alijua lugha moja tu, Kikrii.

Mwaka wa 1974 walirudi nyumbani Nyeri. Mutahi alipata kazi ya kilimo Endarasha. Rosali akawa muuguzi hospitalini. Mchana kutwa mtoto aliachwa kwa nyanya yake. Alijificha nyuma ya ghala la mahindi, akakaa kimya. Akiitwa, hakuja. Akipewa chakula, aliinamisha macho.

"Labda ni bubu," walisema majirani.

"Si bubu," Mutahi alisema. "Ni hiki Kikrii. Nimemkataza Rosali kukisema hapa nyumbani. Lugha nyingi zitamchanganya mtoto. Aongee Kiingereza tu, atazoea. Sisi tulivishwa kibao shingoni shuleni tukiongea Kikuyu, na si tulijua Kiingereza?"

"Kibao nakikumbuka," Watiri alimjibu. "Ulikuwa ukirudi nacho, unakwenda kulia kwa ng'ombe ili nisikuone. Nilikuona."

Mutahi alitoka kwenda kuwatazama ng'ombe.

Jioni hiyo Rosali alimshika mama mkwe wake mkono. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini alikisema polepole.

"Mama, mtoto anakonda. Mwezi wa nane nitampeleka kwa mama yangu. Si kwa ubaya. Wewe uko na roho nzuri. Lakini mtoto lazima akule."

Watiri aliitikia kwa kichwa. Mwezi wa nane haukuwa mbali, na Kanada haikuwa mahali pa kwenda kumjulia mtoto hali Jumapili na kurudi.

Asubuhi alipeleka maziwa kwa jirani yake, Zeynab, mke wa Hashi mfanyabiashara wa mifugo. Zeynab alikuwa Msomali. Alikuja Gatitu akiwa bibi arusi, bila neno moja la Kikuyu. Sasa alibishana bei sokoni kama aliyezaliwa Othaya. Watiri alimweleza yote.

"Mama Mutahi," Zeynab alisema, "mnamtaka mtoto mdogo ajifunze lugha ya watu wazima wote. Kwa nini mtu mzima mmoja asijifunze lugha ya mtoto?"

"Mimi? Na meno yenyewe ni haya matatu?"

"Kwani unataka kuitafuna? Sema tu!"

Walicheka mpaka maziwa yakamwagika kidogo.

"Wewe ulianzaje, Mama Yarrow?"

"Na vitu vya jikoni. Maji, moto, chumvi, njoo, keti. Maneno machache, lakini kila siku. Nilikuwa nasema neno mkono ukifanya kazi yake. Nikishika chumvi, nasema chumvi. Na nilikubali kuchekwa. Anayeogopa kuchekwa hubaki bila lugha."

"Na ile habari ya kumchanganya mtoto?"

"Yarrow wangu ana lugha tatu. Umewahi kumwona amechanganyikiwa akiitwa kula?"

Watiri alirudi nyumbani akitembea haraka. Jioni alimwambia Rosali mbele ya Mutahi, "Nifundishe lugha ya mtoto. Na wewe Mutahi, katika nyumba yangu hakuna kibao."

Rosali alimtazama mume wake. Mutahi alitazama chini. Kisha Rosali akavuta kigoda, akaketi karibu na mama mkwe. Akamfundisha maneno matatu. *Astam*, njoo. *Api*, keti. *Michiso*, kula. Watiri aliyarudia akimenya viazi, mpaka viazi vikaisha.

Kesho yake alisimama mlangoni, akajaza kifua pumzi.

"Astam!" aliita. "Astam, Watiri! Michiso!"

Aliita kama tunavyoitana huku milimani, mtu akiwa upande huu wa bonde na mwenzake upande ule. Kuku walitawanyika. Mtoto alikimbia mpaka kwenye migomba, na siku hiyo hakugusa hata uji.

"Nimesema maneno yote vizuri!" Watiri alimlalamikia Rosali. "Amenikimbia na lugha yake mwenyewe!"

Rosali alitabasamu kwa upole. "Mama, kwetu hatuiti mtoto kwa nguvu. Sauti kubwa ni ya hatari. Na mtoto hatumlazimishi kusema. Yeye anatazama kwanza, anasikiliza. Ile kuangalia chini ni heshima. Anakuheshimu, Mama."

Watiri aliketi. Siku zote hizi alidhani mtoto anamdharau, kumbe mtoto alikuwa akimpa heshima yote aliyokuwa nayo.

Kuanzia siku hiyo alibadili mwendo. Alichukua kigoda chake, akaenda kuketi kando ya ghala, si mbali wala si karibu. Hakumwita mtoto. Alipukuchua mahindi. Alipoketi alisema taratibu, "Api." Alipotia kiazi kitamu mdomoni alisema, "Michiso." Kisha alinyamaza. Kunyamaza kulimshinda kuliko Kikrii chenyewe, maana alikuwa mtu wa maneno. Lakini alivumilia. Mvua iliponyesha alihamia chini ya paa la ghala, akaendelea.

Mtoto alitazama. Baadaye akasogea. Siku moja alinyoosha mkono, akaanza kupukuchua mahindi naye. Watiri alikata kiazi, akaweka kipande kwenye jani katikati yao.

"Michiso," alisema kwa sauti ya chini.

Mtoto alikila. Akala na cha pili. Kisha akagusa goti la nyanya yake, akasema, "Nohkom."

Neno hilo Watiri hakulijua. Alilikariri njia nzima ya kwenda hospitalini, lisije likampotea.

"Ni nini hiyo, Rosali?"

Rosali aliweka mkono mdomoni. "Ni nyanya yangu, Mama. Anakuita nyanya yangu."

Tangu hapo mtoto akawa mwalimu, na mwalimu mkali. Watiri akikosea, mtoto alitikisa kichwa na kurudia neno. Watiri naye akamtajia jina la kila kitu kwa Kikuyu, moto, ndama, mvua, naye mtoto akayashika yote bila kuacha hata moja la kwake. Mashavu yakajaa. Jumamosi moja Mutahi alirudi kutoka Endarasha, akamkuta binti yake akimkemea ndama kwa Kikuyu, kisha akigeuka kumweleza mama yake kisa chote kwa Kikrii. Mutahi alichuchumaa, akamwambia mtoto, "Astam." Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema neno hilo katika nyumba ile. Mtoto alikuja.

Mwezi wa nane ulifika. Rosali alimpakata binti yake, akamuuliza kwa Kikrii kama anataka kurudi kwa nyanya wa Kanada. Watiri aliendelea kuchuja chai.

Mtoto alifikiri. Kisha akajibu kirefu, na Rosali akaanza kucheka huku akijifuta macho.

"Anasema atakwenda kumsalimia, siku moja. Sasa hawezi. Anasema nyanya wa hapa bado hajui kuhesabu. Nani atamfundisha?"

"Ati sijui kuhesabu!" Watiri aliweka sufuria chini. "Mwambie anisikilize. Peyak, niso, nisto..."

Akakwama. Akamtazama mwalimu wake, na mwalimu akavuta kigoda.