Azikwe Bila Mshono

Jua lilikuwa linazama mama huyo alipofika mochwari na shati jeupe la mwanawe mkononi, limepigwa pasi, halina hata kunyanzi.

Kibogoyo, kama walivyomtania mtoto huyo tangu meno ya mbele yang'oke, alikufa jana yake kwa kwikwi. Ndiyo, kwikwi. Ilimshika usiku na mchana, pumzi ikinuka majivu yaliyolowa, mpaka ikakatika. Neno lake la mwisho lilikuwa "Dada". Ndivyo watoto wote wawili walivyomwita mama yao, kwa kuwaiga mama zao wadogo, naye alishachoka kuwarekebisha.

Na asubuhi hii binti yake mdogo naye alikuwa ameanza kwikwi.

"Turuhusu tumpasue marehemu, tujue kilichomuua," daktari alimbembeleza. "Huenda tukamwahi huyu aliyebaki."

Mama mkwe akaja juu. "Mjukuu wangu hazikwi na mishono kama gunia la mkaa! Maiti anasikia maumivu. Alikuja mzima, arudi kwa Muumba wake mzima."

Baba wa watoto alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo uamuzi ulikuwa wa mama yao. Akasema atajibu akishamvisha mwanawe.

Mhudumu wa mochwari akamfungulia. "Ingia, mama. Wageni wangu wapole, hawagombani na mtu. Ila mlango huu hufunguka kwa nje tu. Ukimaliza, gonga."

Mlango ukajifunga. Ta!

Baridi. Harufu ya dawa... na chini ya dawa, majivu yaliyolowa.

Alikuwa anafungua vifungo vya shati aliposikia.

Kwik.

Akaganda. Shuka lilikuwa limetulia tuli.

Kwik.

Akaurukia mlango, akaugonga kwa viganja, kwa viwiko. Kimya.

"Mama..." Sauti ilitoka chini ya shuka, nyembamba, ya mwanawe kabisa. "Usikubali wanipasue, mama. Nitaumia..."

"Mwanangu?"

"Sema hukubali."

Akagonga tena, ngumi zikamchubuka. Taa ikafifia.

"Sema... ndipo utoke."

"Sikubali!" akalia. "Hawatakugusa, baba. Sikubali!"

Mlango ukafunguka. Mhudumu alisimama pale, kinywa wazi. "Kulikoni, mama? Umegonga mara moja tu, nami nikaja."

Daktari aliposikia jibu lake, akainamisha kichwa. Mama mkwe akamkumbatia, kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

Kesho yake wakamzika Kibogoyo. Mzima.

Waliporudi kutoka makaburini, mama mkwe akampeleka chumbani alikolala yule mdogo. "Jilaze naye kidogo, mwanangu. Nakufungia kwa nje, wageni wasikusumbue. Ukinihitaji, gonga."

Komeo likalia.

Chumba kilinuka majivu yaliyolowa.

"Dada..." mtoto akanong'ona. Kwik. "Tumbo, Dada..."

Dada.

Tangu aanze kusema, Kibogoyo hakuwahi kumwita mama. Hata siku moja.

Basi kule mochwari, nani alikuwa anaogopa kisu?

Akamtazama binti yake. Macho yalikuwa yamefumbwa, midomo imebanana. Lakini chini ya shuka, pale tumboni, kitu kiligeuka taratibu, kama mtu anayetafuta ubavu mzuri wa kulalia.

"Asante, mama," ikasema kutoka humo sauti ileile ya mochwari.

Akaurukia mlango. Akagonga kwa viganja, kwa viwiko, kwa kichwa.

Nje, waombolezaji walikuwa ndiyo kwanza wameanza kuimba.