Jina la Mama Heriel

Ukitaka habari za mtaa huu wa Bagara, mjini Babati, usihangaike. Nenda dukani kwa Faudhia, yaani Mama Najma. Ukinunua sabuni, utaondoka na sabuni na habari. Nani amejifungua, maji yatakatika lini, mbuzi wa nani amekula mchicha wa nani. Nyingine aliziweka Facebook, kwenye ukurasa wake alioupa jina Jirani wa Bagara. Watu wengi waliufuata, hata waliohamia mikoa mingine.

Faudhia hakuwa mmbea. Alipenda kusaidia, tena kwa moyo wote. Balaa lilianzia hapo hapo.

Mwaka huo viwanja vya mtaa vilipimwa ili watu wapate hati. Majina ya wenye viwanja yakabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, pamoja na namba zao za simu. Kila mtu alitakiwa kuhakiki jina lake. Faudhia aliwaonea huruma wenye shughuli nyingi. Akazipiga picha karatasi zote na kuziweka kwenye ukurasa wake.

"Jamani, hakikini majina yenu hapa hapa!" aliandika.

Watu wakamshukuru. Naye akavimba kichwa kidogo.

Siku chache baadaye Mama Heriel aliingia dukani. Huyu ni jirani yake, mpika chapati za mafundi wa gereji. Kwa kawaida huingia na utani. Siku hiyo hata salamu ilimshinda.

"Mama Heriel, unaumwa?"

"Amenipigia simu, Mama Najma. Mume wangu. Yule niliyemkimbia Singida."

Faudhia alilijua kovu la mkononi mwa Mama Heriel. Alijua pia nani alilisababisha.

"Namba yako kaipata wapi?"

"Sijui! Kasema, 'Rosa, kumbe uko Babati, na kiwanja umenunua. Nakuja.'" Machozi yalimlengalenga. "Nilitoka kwake na mimba. Hajui hata mtoto anaitwa nani. Hapa wote mnaniita Mama Heriel. Jina hilo ndilo lilinificha. Rosa Baltazar yuko kwenye karatasi tu."

Karatasi! Faudhia alizikumbuka zile picha. Alikaa juu ya gunia la sukari.

"Ni mimi," alisema. "Nilizipiga picha, nikaziweka Facebook. Nisamehe, mdogo wangu."

Mama Heriel alisogea mbali naye hatua moja. Hilo lilimuuma Faudhia kuliko matusi.

Alifunga duka mchana kweupe. Wakaenda kwa Severine, jirani anayefanya kazi ya kuwasaidia watu mambo ya sheria. Kabla hajakaa, Faudhia alianza kujitetea.

"Dada Severine, karatasi zilikuwa ukutani. Kila mpita njia anazisoma. Mimi nimeiba nini?"

"Hujaiba. Lakini zilibandikwa ili iweje?"

"Watu wahakiki majina."

"Watu gani?"

"Wenye viwanja. Na majirani zao, kama kuna ubishi wa mpaka."

"Kazi ikiisha, karatasi zinabanduliwa. Wewe umezitoa kwenye ukuta wa Bagara, ukazibandika kwenye simu za nchi nzima. Huko nani atazibandua? Na mtu wa Singida anahakiki nini?"

Faudhia aliitoa simu yake, akazifungua zile picha.

"Kitu kikiwekwa wazi kwa kazi fulani, hiyo si ruhusa ya kukitangaza kila mahali," Severine alisema kwa upole. "Nchi yetu ina sheria ya kulinda taarifa binafsi. Lakini hata bila sheria, jiulize kwanza nani anaweza kuumia. Na mwenye jina muulize. Sasa, watu wako walihitaji kujua nini hasa?"

Faudhia alifikiri. "Kwamba majina yako ofisini, waende wakayaangalie."

"Hilo tu. Ungeandika hilo."

Faudhia alizifuta picha pale pale. Akawaomba waliozisambaza wafute pia. Wengine walifuta. Wengine walimcheka. Severine alimpeleka Mama Heriel polisi, kwenye dawati la jinsia. Askari aliandika maelezo, akawapa namba ya kupiga. Usiku huo mama na mtoto walilala kwa Severine. Faudhia naye alipita nyumba kwa nyumba akiwaeleza majirani, bila kuficha kosa lake.

Jumamosi mwanamume mmoja alishuka kwenye bodaboda mbele ya duka. Aliagiza soda.

"Mama, namtafuta ndugu yangu. Rosa Baltazar. Ana kiwanja mtaa huu."

Maisha yake yote Faudhia amewafikisha wageni mlangoni kabisa.

"Hiyo habari sina," alisema.

Mwanamume akawauliza mafundi wa gereji.

"Rosa?" walijibu. "Hapa tuna akina Mama Fulani tu, kaka. Rosa hatumjui."

Soda haijaisha, Faudhia alikuwa nyuma ya rafu, anapiga ile namba ya polisi. Askari walimkuta mwanamume yule bado ameshika chupa. Alifunguliwa kesi kwa vitisho vyake, na mahakama ikamkataza kumsogelea Mama Heriel.

Hati zilipotoka, Mama Heriel aliileta yake dukani, imefungwa kwenye kanga. Faudhia alipiga vigelegele, akashika simu. Kisha akasita.

"Mama Heriel, nikupige picha na hati yako? Niiweke kwenye ukurasa?"

"Hapana, Mama Najma."

"Haya." Faudhia aliirudisha simu chini ya kaunta. "Basi hiyo hati niishike mwenyewe kidogo, niione."

Mama Heriel akampa.