Kizimatetemo cha Jengo la Saba

Treni ya mizigo ya saa kumi alasiri ilipita chini ya Jengo la Saba, Tabora, ikivuta mabehewa mia tatu ya madini, na maji ya kwenye glasi hayakutikisika. Kizimatetemo kilikuwa kazini kwa siku ya kwanza: spika za besi elfu mbili zilizofichwa kutani zilimeza mtikisiko wote. Injinia Kalunde Mihambo aliitazama glasi ile bila furaha. Baada ya miaka kumi na mmoja ya kazi hii, alichotaka ni kulala tu.

"Hivi, spika inazimaje kishindo badala ya kukipiga?" aliuliza jirani yake, Bi. Nyanzala, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi tangu reli ichimbwe chini ya jengo.

Kalunde alikuwa amechoka hata kueleza. Alichukua spika kuukuu, akaigonga ngozi yake kwa kidole. Ikaguna, ikaendelea kutetemeka. Kisha akazisokota pamoja nyaya zake mbili, akagonga tena. Ikanyamaza papo hapo.

"Ngozi ikicheza, koili, huu waya uliozungushwa nyuma yake, nayo inacheza kwenye sumaku, inazaa umeme. Nyaya zikiachana, umeme huo hauna pa kwenda. Zikigusana, unazunguka na kuizuia koili. Ni breki: ukuta ukitikisika, spika inaushika. Amplifaya nzuri hufanya hivyo hivyo: inaisukuma spika, halafu inaishika isijichezee. Waya ukiwa mwembamba, breki inalegea. Ndiyo maana nyaya za jengo hili nimezibadilisha mara nne."

"Pole, mwanangu. Leo wajukuu wangu wamelala mchana! Mungu akulipe."

Kalunde alipanda ghorofa ya tisa kwa baba yake. Mzee Mihambo aliendesha treni miaka thelathini, na injini zikamla masikio yote mawili. Kwenye fomu ya wakazi wanaosumbuliwa, mbele ya jina lake, Kalunde mwenyewe aliandika: "Kiziwi. Hahusiki."

Alimkuta amesimama katikati ya chumba, peku, na kikombe cha kahawa mkononi. Ndiyo desturi yake. Kila treni ilipopita alinyanyua kikombe kumsalimu dereva, na siku zote Kalunde alidhani anajua wakati wake kwa kutazama saa ya ukutani. Leo kahawa ilikuwa imepoa.

"Ya saa kumi imechelewa," alisema mzee. "Kuna ajali?"

Kalunde aliitazama miguu ile, vidole vimetanuliwa sakafuni, na moyo ukamuuma. Akamshika kiganja, akaandika kwa kidole, herufi moja moja: IMEPITA.

Mzee alikanyaga sakafu. Akangoja. Akakanyaga tena.

NIMEIZIMA MIMI, aliandika Kalunde. WATU HAWALALI.

"Umefanya vema. Acha watu walale." Mzee alikinywa kile kikombe cha baridi, akatafuta kandambili zake, akazivaa. "Ila mwanangu, leo ndiyo nimekuwa kiziwi."

Kalunde alikaa sakafuni karibu naye. Usingizi ulikuwa umemwisha.