Ndiyo, Ni Mimi

Simu ya kijana waliyemwita Redio ililia mezani, na dada yake akabonyeza "Ndiyo, ni mimi" bila hata kuitazama, kama alivyofanya kila siku. Ndipo akainua macho akamwona Redio mwenyewe amekaa mbele yake, mikono magotini.

Dada huyo hospitali nzima ilimwita Fundi. Alisimamia mfumo wa kuingilia: nenosiri moja kwa kila mfanyakazi, nalo likufungulie faili za wagonjwa, barua pepe na milango ya dawa. Ukigusisha kadi mlangoni, simu yako inakuuliza, "Je, ni wewe?" Mdogo wake, mtunza dawa, aliitwa Redio kwa sababu alikuwa hazimiki. Simu yake haikuvumilia chumba cha baridi kali, zinakogandishwa dawa, hivyo aliiacha kwa dada yake, na akiwa mlangoni dada anambonyezea. Mambo ya ndugu hayo. Wafanyakazi wote walibonyezeana hivyo, hata mkuu wa ulinzi, askari mstaafu aitwaye Kofia, ambaye tangazo la kukataza aliliandika kwa mkono wake.

"Wewe si uko hapa?" Fundi akauliza. "Nani basi yuko mlangoni?"

"Labda mtandao," Redio akajibu.

Jibu fupi mno kwa Redio. Fundi alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Asubuhi hiyo ndiyo kwanza alikuwa ameuunganisha mfumo wake na skrini mpya ya ulinzi. Alikuwa ameipa skrini hiyo ruhusa ya kusoma kila anayeingia na kila anayetoka, na sasa mistari ilikuwa ikishuka mmoja mmoja. Wa mwisho ulisema: mtunza dawa, chumba cha baridi, saa tatu na dakika kumi na mbili, ameruhusiwa. Juu yake kulikuwa na mwingine: mtunza dawa, ofisi ya mitambo, humu humu walimokaa, saa tatu na dakika kumi. Fundi akasingizia saa. Mafundi wote wakibanwa husingizia saa, eti za mifumo miwili zinapishana. Akazilinganisha, na hazikupishana hata sekunde.

Kofia alikuwa amesimama nyuma yake, anasoma.

"Mdogo wako ameazima watu kadi," alisema. "Nilijua tu! Nampeleka polisi leo hii, na undugu wenu utanisamehe."

"Kadi yake si hiyo hapo shingoni? Nenda kaangalie mlangoni kwanza, mzee, ndipo umtukane mtoto wa watu."

Kofia akaenda akikokota viatu. Fundi akasikia harufu ya nguo iliyounguzwa na pasi. Akainama chini ya meza kukagua nyaya, zote zilikuwa baridi. Alipoinuka harufu ilizidi, na Redio alikuwa bado amekaa vilevile.

Kofia aliporudi, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nimechungulia kwenye kile kioo cha mlango," alinong'ona. "Kuna mtu ndani. Kanipa mgongo. Kavaa koti zito la mdogo wako, na anaimba."

Fundi akaogopa, akaogopa hasa, lakini vidole vyake vilikwenda vyenyewe kwenye kumbukumbu za nyuma. Akavuta za jana, za juzi, za mwezi uliopita, na kila siku, kwa miezi saba, jina la mdogo wake lilikuwa limeingia mahali pawili kwa wakati mmoja, na kila mara kulikuwa na neno lilelile, ameruhusiwa, ameruhusiwa. Skrini hii haikuleta kitu. Ilikuwa imewasha taa tu ndani ya nyumba ambamo kitu kilikuwa kinaishi tangu zamani, na Fundi akajiuliza, bila kuthubutu kugeuza shingo, ni yupi aliyekuwa akirudi naye nyumbani jioni.

"Ngoja nimpigie mama mkwe," Kofia akasema. Mama mkwe wake alikuwa akitoa majini, na Kofia, asiyeogopa bunduki, alimwogopa mwanamke huyo kuliko jini lolote. Alisimama wima ndipo akapiga, simu akaiweka kwenye spika. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo umenikumbuka, kuna nini?"

Akaeleza kwa pumzi moja. Yule mama aliuliza swali moja tu: huyo kiumbe huingia kwa kuvunja, au kwa kukaribishwa?

"Kwa kukaribishwa," Fundi akajibu.

"Basi mmemfuga wenyewe. Jini hapiti alipoambiwa hapana. Akiomba tena, mkataeni, na mwenye jina ndiye akatae."

Chumba kile, hata kutoka ni kwa kadi, na hata ukiwa na koti zito hukai humo robo saa. Simu ya Redio ikalia. Je, ni wewe? Redio akanyoosha mkono, akaichukua polepole, akabonyeza "Hapana, si mimi". Kofia akapumua. Simu ikalia tena, akakataa tena, na mara ya tatu akakataa, na akaunti ya mtunza dawa ikajifunga.

Kisha simu ya ukutani, ile ya ndani iliyounganishwa na chumba cha baridi, ikaita. Fundi akaipokea.

"Dada! Dada, mlango haufunguki, kadi inakataa, nimegusisha mara tatu, mbona hunibonyezei? Meno yanagongana huku, na hawa watu wa matengenezo niliwaambia tangu juzi, niliwaambia, Dada, huu mlango siku moja utaua mtu, hakuna aliyenisikiliza, nibonyezee basi, miguu siisikii..."

Maneno hayakuwa na kituo. Kofia akatoka mbio kutafuta nondo, ingawa mlango ule ulikuwa wa chuma kinene kama godoro. Fundi akadondosha mkono wa simu, akajitupa kwenye kompyuta yake, akaandika nenosiri lake aifungue akaunti ya mdogo wake, na huku machozi yakimziba macho, huku sauti ikiendelea kumwita Dada, Dada kutoka kwenye waya unaoning'inia, akapapasa mezani kutafuta simu yake ili ajibu kwamba ni yeye, akapapasa chini ya makaratasi, akapapasa kitini, hakuipata.

Ililia upande wa pili wa meza. Yule aliyekaa pale alikuwa na simu zote mbili mkononi.

"Nakuomba," Fundi alisema. "Bonyeza ndiyo. Ni ndugu yangu."

"Hapana," akasema kwa upole. "Si mmesema tusibonyezeane?"

Akabonyeza "Hapana, si mimi" mara ya kwanza, akabonyeza ya pili, macho yake yako kwa Fundi. Alipobonyeza ya tatu, skrini mpya ya ulinzi ikaandika kwa rangi ya kijani: jaribio la kuingia limezuiwa, mfumo uko salama.